Daftari la Chama Si Ubao wa Matangazo

Mwanachama hana siri kwa chama chake. Kauli hii imezoeleka katika pwani ya Kilifi na Malindi hata haihitaji mtetezi. Utaikuta kwa waongoza watalii wa Gede na Watamu, kwa wenye mashua wanaopeleka wageni kwenye matumbawe, kwa wafugaji wa vipepeo walio pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, kwenye stendi za bodaboda, katika matawi ya vyama vya walimu, kwenye vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe (BMU) na kwenye sacco za kila namna. Anayeuliza chama kinataka majina ya watoto wake kwa kazi gani huonekana ana jambo analolificha. Anayeuliza nambari yake ya simu ilimfikiaje mgombea wa uwakilishi wadi huambiwa ashukuru kwamba anajulikana. Ni maswali ya haki kabisa, na yote mawili hugeuzwa kuwa kosa la muulizaji.

Itazame fomu ya kawaida ya kujiunga. Juu kuna nembo ya chama na nafasi ya kubandika picha ya pasipoti. Yanafuata jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, kata ndogo, dini, hali ya ndoa, jina la mke au wake, majina ya watoto na umri wao, majina ya wazazi na kama wako hai, jina la mrithi, nambari ya akaunti ya benki, na ugonjwa wa kudumu ikiwa upo. Fotokopi ya kitambulisho hubanwa nyuma kwa pini, pamoja na cheti cha polisi cha tabia njema kwa wale ambao kazi yao inakihitaji. Mwisho kabisa kuna mstari mmoja: nathibitisha kwamba niliyoyaandika hapa ni kweli. Hakuna mstari unaosema chama kitayafanyia nini yote hayo, kitayaweka wapi, kitampa nani, wala kitayafuta lini. Mwombaji anaapa kusema kweli mbele ya chama ambacho hakijaapa lolote.

Wanaoitetea kauli hii si wajinga, na inafaa hoja yao ielezwe jinsi wao wenyewe wangeieleza. Wanasema kwamba chama cha huku si klabu ya starehe. Hoteli zinapofungwa miezi ya masika na wageni kupotea, chama ndicho kinachotoa mkopo wa unga na karo. Mtu akianguka na bodaboda, chama ndicho kinachochanga. Akifa, chama ndicho kinachosafirisha maiti na kumfikishia mjane rambirambi. Hayo hayafanyiki kwa kubahatisha: ni lazima kijulikane kijiji, wajulikane warithi, ijulikane afya. Wanaongeza kwamba wanachama wanajuana tangu utotoni, kwamba uwazi ndio unaozuia wizi, kwamba sheria za data zilitungwa kwa ajili ya makampuni makubwa ya Nairobi, na kwamba orodha ya wanachama ndiyo inayoleta wafadhili, basari na bima. Wakimaliza hufunga kwa methali: mficha uchi hazai.

Hoja hiyo ina kasoro moja inayozaa nyingine zote. Inachukulia kwamba taarifa za mwanachama, zikishaingia ofisini, ni mali ya chama. Ukweli ni kwamba ni amana, na amana hutumika kwa lile tu ililowekewa. Chama chochote kinalielewa jambo hili vizuri sana panapohusika fedha. Mweka hazina akitoa shilingi elfu kumi za ada kumkopesha rafiki yake, hakuna atakayemtetea kwa kusema kwamba wanachama walizitoa wenyewe kwa hiari yao. Lakini katibu akitoa nambari za simu mia mbili kumpa rafiki yake, tunaambiwa ni uhusiano mwema. Tuzichukue hoja hizo moja moja, tuone zinasimama juu ya nini.

Hoja ya kwanza: "Mwenyewe alitia saini"

Saini ndiyo ngao ya kwanza ya katibu. Fomu ipo, saini ipo, maneno yamekwisha. Lakini Sheria ya Kulinda Data, iliyoidhinishwa Novemba 2019, haikuridhika na wino. Inataka ridhaa iliyotolewa kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtu anayejua anaridhia nini. Kifungu cha 32 kinamtwika anayekusanya taarifa mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na kinampa mwenye taarifa haki ya kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Sasa upime uhuru wa kijana anayetaka kazi ya kuongoza watalii mahali ambapo asiye na kadi ya chama hapati mgeni. Au uhuru wa mwendesha bodaboda ambaye hawezi kuegesha kwenye stendi mpaka ajaze karatasi mbili mbele ya mwenyekiti. Pale chama kinapokuwa lango la riziki, saini ya aina hiyo si ridhaa, ni kiingilio.

Cha kuchekesha ni kwamba chama hakikuihitaji saini hiyo kwa mambo yake ya msingi. Kifungu cha 30 kinatambua misingi mingine ya kutumia taarifa za mtu, ukiwamo mkataba baina ya pande mbili na wajibu wa kisheria. Jina, nambari ya uanachama, simu na kumbukumbu ya ada vinasimama juu ya uanachama wenyewe. Hakuna anayelazimika kubembelezwa aridhie. Ridhaa inahitajika pale chama kinapotoka nje ya kazi yake: kinapompa mwuza bima orodha, kinapobandika picha za wanachama kwenye bango la mfadhili, kinapompelekea mgombea nambari za simu. Hapo ndipo saini inapokosekana, kwa sababu fomu haikuuliza. Kwa hiyo katibu anaipeperusha saini mahali isipohitajika, na hana saini mahali inapohitajika.

Na tuangalie saini nyingine zinavyoheshimiwa. Katiba ya chama ina saini za viongozi waasisi, na ndani yake imeandikwa uchaguzi ufanyike lini na hesabu zisomwe lini. Uchaguzi ukiahirishwa mara mbili, tunaambiwa katiba ni mwongozo tu, hali ya maisha ni ngumu, tuvumiliane. Saini ya kiongozi inanyumbulika kila mwaka. Saini ya mwanachama kwenye fomu ni ya milele, hata baada ya yeye kuhama chama, kuacha kazi, au kufariki. Sheria, katika kifungu cha 39, inasema kinyume chake: taarifa zisiwekwe kwa muda unaozidi haja iliyozileta. Ni nadra mkutano mkuu kuulizwa fomu za waliojitoa zimekwenda wapi. Ziko kabatini, na kabati liko nyumbani kwa katibu wa zamani ambaye alishindwa uchaguzi na hasemi na mtu.

Hoja ya pili: "Sisi ni familia"

Familia ya pwani haijawahi kuwa mahali pasipo na siri. Mtu hupiga hodi hata nyumbani kwa nduguye, na yapo mambo ya chumbani ambayo ndugu wa damu hawaulizani. Chama kinachojiita familia kingeanza kwa kuiga hiyo hodi. Badala yake kimechukua upande mmoja tu wa undugu, ule wa kuuliza, kikauacha ule wa kusitiri.

Na hata tukikubali kwamba wanachama ni ndugu, fomu ile imejaa watu ambao hawakujiunga na udugu huo. Mke wa mwongoza watalii hakujiunga na chama cha waongoza watalii. Mtoto wa miaka sita hakulipa ada. Mama mzazi aliyeko Ganze hajui kwamba jina lake limo kwenye jedwali linalozunguka katika simu za watu hamsini. Bunge la Kenya lilipofafanua taarifa nyeti halikuishia kwenye afya, dini na alama za mwili; liliweka humo pia hali ya ndoa, maelezo ya mali, na mambo ya familia, yakiwamo majina ya watoto, wazazi, mume au mke. Nusu ya pili ya fomu ya chama, ile inayojazwa haraka haraka kwa sababu foleni ni ndefu, karibu yote imo katika kundi hilo.

Kifungu cha 45 kinaviruhusu hata vyama visivyo vya faida vyenye malengo ya kisiasa, kidini, kifalsafa au ya kutetea wafanyakazi kushughulikia taarifa nyeti, lakini kwa masharti: ziwahusu wanachama au watu wenye uhusiano wa kudumu na chama, kuwe na ulinzi unaofaa, na zisitoke nje ya chama bila ridhaa ya mwenyewe. Yaani sheria imekiwekea mpaka hata chama cha wafanyakazi chenye miaka na mawakili. Kikundi cha watu sitini chenye kundi la WhatsApp na muhuri wa mpira kinajiona kiko juu ya mpaka huo.

Undugu huu huonekana wazi zaidi mtu akiugua. Ujumbe unaingia kwenye kundi: jina, ugonjwa, wodi, picha ya mgonjwa akiwa na mpira wa dripu mkononi, na nambari ya kutumia mchango. Nia ni njema, na michango huja. Lakini jina la ugonjwa halikuongeza shilingi hata moja ambayo "mwenzetu amelazwa na bili ni kubwa" isingeileta. Kilichoongezeka ni kwamba mwajiri wake, ambaye naye ana mtu ndani ya kundi, sasa anajua mfanyakazi wake ana ugonjwa gani. Mgonjwa atapona, picha itabaki. Methali ya mficha uchi inasema kweli, ila inamhusu mzazi na mkunga wake. Haikumwambia mzazi akajifungulie katikati ya soko la Gede.

Hoja ya tatu: "Uwazi ndio unaozuia wizi"

Hii ndiyo hoja yenye sura nzuri kuliko zote, na ndiyo iliyopinduliwa miguu juu kuliko zote. Uwazi katika chama ulikusudiwa kuwamulika wanaoshika fedha na madaraka. Tazama unavyotumika. Mwanachama akiomba taarifa ya benki ya miezi sita, anaambiwa ni nyaraka za siri za ofisi, aandike barua, asubiri kamati ikae. Akichelewa ada miezi miwili, jina lake, nambari yake ya simu na kiasi anachodaiwa hubandikwa kundini asubuhi na kila mtu akaweka alama ya kucheka. Hesabu za chama, ambazo ni za wote, zimefichwa kwa wachache. Hesabu za mtu mmoja, ambazo ni zake, zimeanikwa kwa wote. Ukiuita huo uwazi, basi neno limeharibika.

Kubandika wadaiwa kuna watetezi wake: wanasema aibu hulipisha. Huenda hulipisha. Wakopeshaji wa mitandaoni nao waliamini hivyo, wakawa wanawapigia wakwe na mabosi wa wadaiwa wao, na nchi nzima ikapiga kelele kwamba ni unyama. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa wengine ili kuwatumia vitisho na kuwasumbua kwa simu. Wanachama wengi walishangilia faini hiyo, kisha wakarudi kwenye makundi ya vyama vyao kuwataja wadaiwa kwa majina. Tofauti iliyopo ni kwamba kampuni ilimsumbua mkwe kwa simu, na kwenye kundi la chama mkwe anasoma mwenyewe.

Upo upande mmoja wa hoja hii ambao hauna ubishi. Mwanachama ana haki ya kujua wenzake ni akina nani, ili asije akakuta siku ya uchaguzi wapiga kura hewa mia moja. Daftari la wanachama ni lazima likaguliwe. Lakini ili kumtambua mpiga kura hewa unahitaji jina, nambari ya uanachama na tarehe ya kujiunga. Huhitaji dini yake, wake zake, wala ugonjwa wake. Wanaochanganya mambo hayo mawili hutupa chaguo la uongo: ama kila kitu kiwe wazi, ama hakuna uwazi. Na mara nyingi wanaotupa chaguo hilo ndio haohao wasiotaka kusoma hesabu.

Hoja ya nne: "Hiyo ni sheria ya wakubwa, sisi ni wadogo"

Penye hoja hii pana chembe ya ukweli iliyovimbishwa. Kanuni za mwaka 2021 zinasamehe kujisajili kwa Kamishna mashirika yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Lakini msamaha huo ni wa kujisajili, si wa kutii. Wajibu wa kulinda taarifa, wa kumwambia mtu zinakwenda wapi, wa kuripoti uvujaji ndani ya saa 72, unabaki palepale. Tena kanuni zimetaja sekta ambazo hazipati msamaha hata ziwe ndogo namna gani, zikiwamo huduma za fedha, huduma za usafiri, na biashara ya hoteli na ukarimu. Sacco ya bodaboda ya Gede inayotoa mikopo isijifariji mapema kwa udogo wake.

Wanaodhani Kamishna anawinda tembo peke yake hawakuifuata habari ya Septemba 2023 hadi mwisho. Siku ile ile alipoiadhibu Mulla Pride, aliitoza baa moja ya Nairobi, Casa Vera, shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule ya Roma ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Ni baa na shule, wala si mashirika ya kimataifa. Upeo wa faini, kwa kifungu cha 63, ni shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, ipi iwe ndogo. Kwa hiyo ni kweli kwamba chama maskini hakitafilisiwa na faini hiyo. Lakini kifungu cha 65 kinampa aliyeumizwa haki ya kulipwa fidia, ikiwamo ya fadhaa isiyopimika kwa fedha, na fidia hutoka kwenye mfuko uleule wa ada za wanachama.

Udogo wenyewe, ambao tunaambiwa ndio kinga, ndio hatari. Nairobi, jina na mtaa havikufikishi popote. Gede, Dabaso, Mida au Jimba, jina na kijiji vinakufikisha mlangoni bila kuuliza mara mbili. Kilifi ni kaunti ambayo wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya tuhuma nyingi kuna shamba linalogombaniwa. Chama cha Utamaduni cha Malindi, MADCA, kimelazimika kuwapa hifadhi wazee wa namna hiyo huko Kaya Godoma. Katika kaunti kama hii, orodha inayoonyesha mzazi wa mtu ni nani, kama yu hai, na familia iko kijiji gani, si karatasi ya kufungia maandazi. Anayeieneza kwa uzembe hatadhurika yeye.

Na ifuatilie safari ya fotokopi moja ya kitambulisho. Mwanachama anaipiga picha kwa simu, anamtumia katibu kwa WhatsApp. Katibu hana printa, anamsambazia mtu wa saiba. Mtu wa saiba anaifungua kwenye kompyuta ya wateja, anaichapa kwa shilingi kumi, anapokea mteja mwingine. Sasa kuna nakala kwenye simu tatu, nakala kwenye folda ambayo hakuna anayeifuta, na nakala ya karatasi. Chama kinachosema hakina kompyuta ya kuvujisha data kimetumia kompyuta ya umma.

Hoja ya tano: "Orodha imetuletea manufaa"

Imewaletea akina nani? Hilo ndilo swali ambalo hoja hii hulikimbia. Mwaka 2024 mji wa kale wa Gede uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na kila mwenye macho anaona kwamba miradi, mafunzo na wafadhili watafuata. Kila mmoja wao atataka orodha: wanachama wangapi, wanawake wangapi, vijana wangapi, simu zao. Ukiondoa simu, hizo ni hesabu, na hesabu haziwi na majina. Mfadhili anayetaka kujua kuna wanawake arobaini anapewa tarakimu moja tu: arobaini. Anayepewa majina arobaini na simu zao amepewa kitu kingine, na aliyetoa amepata kitu kingine: mwaliko wa warsha, posho ya usafiri, nafasi ya kupiga picha.

Wanasiasa ndio wateja wa zamani zaidi wa orodha hizi. Juni 2021 Msajili wa Vyama vya Kisiasa aliwawezesha Wakenya kukagua uanachama wao kupitia eCitizen, na watu wengi wakajikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawajawahi kuvikanyagia mlango. Hakuna haja ya kudai kwamba taarifa zao zilitoka kwa chama fulani cha kazi. Inatosha kuona kwamba jina, nambari ya kitambulisho na simu ndiyo malighafi ya uandikishaji wa aina hiyo, na ndiyo yaliyomo katika kila orodha inayozunguka mkononi. Wala si jambo la kuchekwa: Ibara ya 85 ya Katiba inamzuia kuwa mgombea huru mtu aliyekuwa mwanachama wa chama cha siasa ndani ya miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mtu angeweza kunyimwa haki yake kwa uanachama ambao hakuuomba.

Walimu nao walionyeshwa mwaka 2019 nguvu ya kujua nani yumo kwenye chama. Baada ya hukumu ya mahakama ya kazi Julai mwaka huo, katika mvutano kati ya chama cha walimu, KNUT, na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, mwajiri alianza kuwatenganisha walimu kwa uanachama wao, na walio KNUT wakakosa nyongeza iliyowafikia wenzao wasio wanachama. Uanachama uliokuwa ukihitajika kwa makato ya ada tu sasa ukawa ndio unaoamua nani apate nini. Chama kilichokuwa na walimu zaidi ya 180,000 kilibaki na sehemu ndogo tu ya idadi hiyo ndani ya miaka miwili. Mgogoro wenyewe ulikuwa na mengi ndani yake, lakini somo lake kwa kila chama cha wafanyakazi ni moja: aliyeishika orodha ya wanachama amemshika mwanachama mmoja mmoja, na nguvu ya umoja inaanza kuvuja hapo. Mwenye hoteli aliyepewa orodha ya waongoza watalii waliohudhuria mkutano wa kudai malipo mapya hahitaji kujadiliana na chama tena.

Kisha kuna wanaosema kwamba taarifa ya mtu mmoja haina thamani, kwa hiyo hakuna hasara. Mwaka 2023 mradi wa Worldcoin uliwapanga Wakenya foleni kutoa picha ya mboni za macho kwa malipo ya karibu shilingi 7,000. Ikiwa jicho la Mkenya asiye na cheo lina bei hiyo, hoja ya kutokuwa na thamani imekufa. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Chama kinachogawa bure kile ambacho wengine wanakinunua hakijathibitisha ukarimu wake; kimethibitisha kwamba hakijui bei.

Hofu ya mwisho: "Mtakiua chama"

Hubaki pingamizi moja, nalo ni la kweli zaidi kuliko yaliyotangulia: kwamba masharti haya yatamchosha katibu asiyelipwa, na vyama vitakufa kwa makaratasi. Lakini hesabu gharama zenyewe. Kuondoa dini, wazazi na ugonjwa kwenye fomu ya kujiunga hakugharimu kitu. Fomu inakuwa fupi na fotokopi inapungua. Mrithi anaweza kuandikwa kwenye karatasi yake, ikafungwa ndani ya bahasha yenye saini, ikafunguliwa siku ya msiba. Kufuta jina la aliyejitoa ni kazi ya dakika moja. Kuonyesha kitambulisho, kikakaguliwa na kurudishwa mfukoni bila kupigwa picha, ni rahisi kuliko safari ya saiba. Mdaiwa anaweza kupigiwa simu yeye mwenyewe. Kinachoongezeka ni kufuli moja la kabati na mtu mmoja wa kulaumiwa kwa jina. Ukiyajumlisha yote, kulinda kunahitaji kazi ndogo kuliko kukusanya, kwa sababu sehemu kubwa ya kulinda ni kutokukusanya.

Kwa hiyo wanaoogopa gharama wanaogopa kitu kingine. Orodha iliyofungwa inamnyang'anya kiongozi zawadi aliyozoea kuwapelekea wakubwa mkononi. Hiyo ndiyo gharama, na wanachama hawana sababu ya kuilipa ili yeye asiionje.

Ibara ya 31 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutodaiwa wala kutoanikiwa mambo ya familia yake bila sababu. Haikuandika "isipokuwa akijiunga na chama". Mkutano mkuu ujao, kabla mweka hazina hajasoma hesabu, katibu asimame ajibu maswali matatu: mnayo taarifa gani yangu na ya nini, mmempa nani, na mtaifuta lini. Akishindwa kujibu, aambiwe lile ambalo angeambiwa mweka hazina asiyejua fedha za chama ziko wapi, na achukuliwe hatua ileile.